Bendi tatu zisizokuwa za anthrasini: kisa cha kupima spektra za infraredi katika maabara moja ya Nairobi

Usuli

Maabara inayozungumziwa ni ya kemia, katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi. Mwanafunzi wa uzamili alipewa kazi iliyoonekana nyepesi: apime spektra za infraredi (michoro ya mwanga unaofyonzwa na sampuli) za haidrokaboni nne zenye pete nyingi za benzini, yaani nafthalini, anthrasini, pirini na koronini, kisha alinganishe nguvu ya bendi zake. Majina, mwaka na alama zozote za kuitambulisha maabara vimeondolewa.

Kundi hili la molekuli (tutaliita PAH, kama linavyoitwa maabarani) linawavutia watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mazingira, kwa sababu PAH hutoka kwenye moshi wa dizeli, makaa na takataka zinazochomwa. Wa pili ni wanaastronomia. Mwaka 1984 Léger na Puget, na mwaka 1985 Allamandola, Tielens na Barker, walipendekeza kwamba bendi za mwanga wa infraredi zinazoonekana kwenye mawingu ya anga za mbali, karibu na mikromita 3.3, 6.2, 7.7, 8.6 na 11.2, zinatoka kwa molekuli za namna hii. Mwanafunzi wetu alikuwa upande wa pili. Alitaka uwiano wa bendi ya 3.3, ambayo ni mvutano wa C–H (kifungo cha kaboni na hidrojeni), na ile ya 11.2, ambayo ni kupinda kwa C–H nje ya bapa la molekuli.

Eneo hilo la pili lina utamu wake. Mahali bendi inapoangukia hutegemea hidrojeni ngapi zimepangana bila kukatizwa kwenye ukingo wa molekuli. Hidrojeni iliyo peke yake huonekana kati ya 900 na 860 cm⁻¹ (idadi ya mawimbi katika sentimita moja; mikromita 11.2 ni karibu 893, na 3.3 ni karibu 3030), wawili wakikaa jirani hushuka kati ya 860 na 800, na wanne hufika 770 hadi 735 au chini kidogo. Anthrasini ina wapweke wawili na makundi mawili ya wanne, kwa hiyo kwenye kidonge cha potasiamu bromidi (KBr, chumvi inayopitisha infraredi, ambayo sampuli huchanganywa nayo na kubanwa) hutoa bendi kali karibu na 884 na 727. Koronini ina jozi sita tu na hutoa moja kubwa karibu na 850. Anayejua kuhesabu hidrojeni za ukingoni anajua kabla ya kupima ni wapi pa kutazama, na anajua pia ni wapi hapapaswi kuwa na kitu.

Vifaa vilikuwa vya kawaida: spektromita ya FTIR (mashine ya kupimia infraredi) yenye kihisi cha aina ya DTGS, mashine ya kubana ya hidroliki ya mkono, kibano cha vidonge cha milimita 13 chenye mdomo wa pampu ya vakyumu, kinu na mchi vya akiki, oveni ya pamoja, na mizani inayosoma hadi 0.1 mg. Gesi ya naitrojeni ya kusafisha njia ya mwanga haikuwepo. Kulikuwa na jeli ya silika tu ndani ya mashine, na kazi ilianza Aprili, katikati ya masika.

Kilichotokea

Wiki ya kwanza vidonge vilitoka na ukungu. Mwanafunzi alisaga 1 mg ya sampuli pamoja na 200 mg za KBr kwa dakika moja, akabana kwa tani 8, akapata kidonge cheupe kama maziwa. Mstari wa msingi ulipanda kutoka kushoto kwenda kulia, na bendi ya 884 ilikuwa na mkia upande mmoja na bonde upande wa pili. Umbo hilo linajulikana kama athari ya Christiansen. Chembe zikiwa kubwa kukaribia urefu wa wimbi, kipeo cha mpindo wa mwanga cha sampuli hubadilika haraka karibu na bendi, kikatofautiana na cha KBr, na mwanga ukatawanyika zaidi upande mmoja wa bendi kuliko mwingine. Dawa yake ni kusaga. Sampuli husagwa kwanza peke yake hadi iache kung'aa na kuanza kung'ang'ania ukuta wa kinu, kisha KBr huongezwa kwa mafungu, na kuchanganywa bila kuikandamiza mno kwa sababu KBr iliyosagwa kupita kiasi hunywa maji ya hewani kwa pupa. Dakika nne za kusaga zilitosha.

Ukungu ukaisha. Hapo ndipo matatizo ya kweli yalipoonekana.

Kwanza, kila spektra ilikuwa na mlima mpana karibu na 3440 na mwingine mdogo karibu na 1635. Hayo ni maji tu, na hayakumshangaza mtu yeyote katika mwezi wa mvua. Pili, kulikuwa na vilele karibu na 2958, 2930 na 2860. Tatu, kilele chembamba cha 1728. Nne, kwenye anthrasini peke yake, 1675 pamoja na kijilele cha 810.

Vile vya 2958 hadi 2860 ndivyo vilivyowasha moto. PAH safi ina C–H za aromatiki tu, ambazo hukaa juu ya 3000, karibu na 3050. Chini ya 3000 ni C–H za mnyororo, za mafuta. Lakini mawingu ya anga nayo huonyesha bendi ndogo ya mikromita 3.4 pembeni ya ile ya 3.3, na maelezo mojawapo ni PAH zilizoongezewa hidrojeni. Mwanafunzi aliona 3.4 yake mwenyewe, tena kwenye sampuli zote nne, akaandika kwenye rasimu kwamba huenda kusaga kunaziongezea molekuli hidrojeni. Kilele cha 1728 alikipa maelezo ya haraka: PAH huwa na bendi dhaifu za mchanganyiko kati ya 1650 na 2000, basi na hii ni mojawapo.

Wakati huohuo fundi wa maabara alikuwa na vita vyake na pampu. Geji ya vakyumu kwenye kibano iligoma kupita −0.08 MPa, na mwongozo ulisema ifike −0.1. "Hii pampu imechoka," akasema, akabadilisha mafuta, kisha oringi zote mbili za kibano, kisha mpira wa kuunganisha. Sindano haikusogea. Siku mbili zilikwenda hivyo kabla ya mtu kukumbuka kwamba geji ya aina hiyo husoma tofauti kati ya ndani na hewa ya nje, na hewa ya Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, ina mgandamizo wa takriban kPa 82. Pale −0.08 ndiyo karibu vakyumu kamili. Pampu ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuongeza idadi ya skani kutoka 32 hadi 256. Sababu iliyotolewa ni kwamba vilele vidogo vitaonekana vizuri zaidi, na kweli, kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya skani, kwa hiyo mara nane zaidi huleta nafuu ya takriban mara 2.8. Vilele vilibaki palepale, safi zaidi. Hilo lenyewe lilikuwa jibu ambalo halikusomwa: kilichokuwa kikionekana ni kemikali iliyomo kwenye kidonge. Kila kipimo sasa kilichukua dakika nyingi, na stima ilipokatika mara mbili wiki hiyo, kazi ya nusu siku ilipotea kila mara kwa sababu chanzo cha infraredi na kihisi vinahitaji angalau saa nzima kutulia tena baada ya kuwashwa. Baadaye iliamuliwa kwamba kila baada ya kuwasha, filamu ya polistireni ipimwe kwanza, na kilele chake cha 1601 kikiwa kimehama zaidi ya 1 cm⁻¹ hakuna kuendelea.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa msimamizi, na ndio uliogeuza mambo. Aliuliza swali moja: kidonge kitupu kinaonyesha nini? Ikabainika kwamba msingi wa kila kipimo, yaani kipimo cha kulinganishia, ulichukuliwa kwa chumba cha sampuli kilicho wazi, hewa tu. Kidonge cha KBr bila sampuli hakikuwa kimewahi kupimwa. Akaagiza vidonge vitupu vitano, kila kimoja kikiongeza hatua moja ya njia ambayo sampuli hupitia.

Kidonge A: KBr kutoka kwenye chupa moja kwa moja hadi kwenye kibano. Kilionyesha maji mengi, hakuna kingine.

Kidonge B: KBr iliyokaa oveni ya 110 °C kwa saa tatu, ikapoa ndani ya desiketa (chombo kinachozuia unyevu). Maji yalishuka sana.

Kidonge C: kama B, kisha kikasagwa kwenye kinu kilichosafishwa kwa kusagia KBr kavu na kuitupa. Maji kidogo, basi.

Kidonge D: kama C, ila kinu kilisuuzwa kwa asetoni kutoka kwenye chupa ya kubinyia iliyo juu ya meza. Vikatokea 2958, 2930, 2860, 1728, na pale kidole kilipopita polepole juu ya karatasi, 1275, 1123 na 1073 pia.

Kidonge E: kama D, ila asetoni ilitoka kwenye chupa ya kioo iliyofunguliwa asubuhi ile. Safi.

Mchoro wa D haukuhitaji mjadala mrefu. Kabonili ya 1728, C–O za 1275 na 1123, na C–H za mnyororo wenye matawi: hizo ni thaleti, vilainishi vinavyotiwa kwenye PVC ili ipindike. Mafuta ya vidole yangeonyesha 2920 na 2850 na kabonili karibu na 1745, na grisi ya silikoni ingeonyesha 1260 na bega pana kati ya 1100 na 1020.

Fundi akajua papo hapo. Asetoni ya kuoshea hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na kutoka mtungini hunyonywa kwa mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, ambao hubaki ukining'inia humohumo. Alipoutoa, sehemu iliyokaa ndani ya asetoni ilikuwa imekakamaa kama waya na kugeuka nyeupe. Sehemu ya juu ilikuwa bado laini. Ulaini wa nusu ya chini ulikuwa umehamia kwenye asetoni. Mililita 100 kutoka kwenye chupa ya kubinyia zilikaushwa kwenye sahani ya kioo ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Ikabaki pete ya mafuta, inayoteleza chini ya spatula, yenye uzito wa 9 mg. Kila suuza ya kinu ilitumia takriban mililita 5, yaani karibu 0.45 mg za thaleti zikiachwa kwenye kinu kitakachosagiwa 1 mg ya sampuli. Hata kama robo tu ndiyo iliyoingia kwenye kidonge, hiyo si doa. Ni kiambato.

Uamuzi wa tatu ulihusu ile 1675 ya anthrasini. Haikuwepo kwenye kidonge chochote kitupu wala kwenye pirini, kwa hiyo ilitoka chupani. Chupa ya anthrasini ilikuwa ya miaka mingi, ya kioo cheupe, kwenye rafu iliyo mkabala na dirisha. Anthrasini ikipata mwanga na oksijeni huoksidishwa kwenye kaboni zake za katikati, na mwisho wa safari hiyo ni anthrakwinoni, ambayo kabonili yake iko 1675. Ugumu ulikuwa kwenye 810, kwa sababu fenanthrini, uchafu wa kawaida wa anthrasini, nayo ina bendi karibu na hapo. Fenanthrini lakini haiji na 810 peke yake. Huja na bendi kali karibu na 735, na hapo palikuwa patupu. Anthrakwinoni huja na 1285 na 694, na zote mbili zilikuwepo baada ya kuzitafuta.

Kulikuwa na njia mbili: kuagiza anthrasini mpya na kusubiri, au kusafisha iliyopo. Wakachagua kusafisha. Takriban 60 mg ziliyeyushwa kwenye hekseni ya uvuguvugu na kupitishwa kwenye safu fupi ya alumina. Anthrasini ilishuka mbele ikiwaka buluu chini ya taa ya UV ya nanomita 365. Anthrakwinoni ilibaki juu. Kazi ilifanywa taa za chumba zikiwa zimezimwa, na unga uliokauka ukahifadhiwa kwenye chupa ya rangi ya kahawia iliyozungushiwa foili.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa kiasi. Kidonge cha 1 mg kilisoma ufyonzaji wa 1.6 kwenye 727. Kidonge chenye moja ya tano ya kiasi hicho kilipaswa kusoma 0.32, lakini kilisoma 0.44. Maana yake bendi kali ilikuwa imekandamizwa kwenye kidonge kizito, huku ile pana na dhaifu ya 3050 ikisoma sawasawa. Uwiano wowote uliochukuliwa hapo ungeipendelea ile ya 3050. Kwa azimio la 4 cm⁻¹ bendi nyembamba huumia zaidi, kwa hiyo azimio lilifanywa kali zaidi, 1 cm⁻¹, na kila sampuli ikatengenezewa vidonge viwili: kizito cha kusomea 3050 na chepesi cha kusomea bendi za chini ya 900.

Kupima 0.2 mg kwenye mizani ya 0.1 mg ni kubahatisha. Badala yake 10 mg zilichanganywa na 990 mg za KBr, kisha 100 mg za mchanganyiko huo zikaongezwa kwenye 900 mg nyingine. Miligramu 200 za unga wa pili zina 0.2 mg za sampuli, na kosa la mizani linabaki kwenye ule uzito wa kwanza wa 10 mg, yaani takriban asilimia moja.

Matokeo

Baada ya mabadiliko hayo, vilele vya chini ya 3000 viliisha kwenye pirini na koronini. Kwenye anthrasini 1675 ilitoweka, na zikabaki 884 na 727 zenye pande mbili zilizo sawa. Ukilinganisha na thamani zilizochapishwa kwa anthrasini iliyogandishwa ndani ya arigoni, karibu 878 na 726, tofauti ya cm⁻¹ chache inatarajiwa: kwenye KBr molekuli zimesongamana katika fuwele ndogo zikisukumana, kwenye arigoni kila moja iko peke yake. Pirini ilitoa 840, 750 na 710 zake.

Nafthalini ilikuwa kichwa ngumu hadi mwisho. Bendi yake ya 782 ilishuka kila kidonge kilipovutwa vakyumu, kwa sababu nafthalini hugeuka mvuke bila kuyeyuka hata kwenye joto la chumba. Harufu ya vidonge vya kufukuzia nondo kabatini ndiyo hiyo. Pampu ilikuwa ikivuta sampuli. Ikabanwa bila vakyumu, ikapimwa papo hapo, na uwiano wake ukaripotiwa bila nguvu kamili za bendi.

Sura iliyokuwa ikidai PAH zilizoongezewa hidrojeni iliondolewa kwenye rasimu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kupanga vidonge vitupu kwa ngazi. Kidonge kitupu kimoja cha KBr safi, kama kile cha C, kingetoka kizuri na kuwadanganya wote, kwani hakikupitia suuza ya asetoni. Ni lazima kitupu kipite kila mlango unaopitwa na sampuli: oveni ileile, kinu kilekile, karatasi ileile ya kupangusia, hata mkono uleule. Asubuhi moja ilitosha kwa vitano vyote.

Kilichoshindikana zaidi ni usomaji. Ushahidi dhidi ya dai la hidrojeni ulikuwa mezani tangu wiki ya pili: vilele vitatu vilisimama mahali palepale, kwa umbo lilelile, katika molekuli nne tofauti. Nafthalini na koronini zikiongezewa hidrojeni haziwezi kutoa C–H zinazofanana hadi tarakimu ya mwisho. Vilevile bendi za mchanganyiko za PAH huja kwa safu ya vijilele dhaifu na hubadilika kutoka molekuli hadi molekuli. Kilele kimoja, chembamba, kisichohama, si mmoja wao. Lakini michoro iliyopelekwa kwa msimamizi ilikuwa imekatwa, 3200 hadi 2800 na 1000 hadi 700 tu. Kama ingekuwa mizima, 1275 ingeonekana na mtu yeyote aliyewahi kupima plastiki.

Kuhusu maji, maabara nyingi hutumia nguvu nyingi kuliko inavyostahili. Mlima wa 3440 ni mbaya machoni lakini unashuka kabla ya kufika 3050, na mstari wa msingi uliochorwa kwa uangalifu unatosha. Mvuke wa maji wa hewani kati ya 1400 na 1900 ni kero zaidi, maana mistari yake myembamba ndiyo iliyomzoesha mwanafunzi kupuuza eneo lote la 1728. Bila naitrojeni, kinachosaidia ni saa: kifuniko kikishafungwa, subiri dakika tano, pima, kwa msingi nao, dakika tano zilezile.

Usalama ulikwenda vizuri. Glavu za nitrili zilibadilishwa kila sampuli, kusaga kulifanyika ndani ya kabati, na mabaki ya PAH yalikuwa na chupa yake. Benzo[a]pirini, iliyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwenye orodha ya IARC (shirika la kimataifa la utafiti wa saratani), iliachwa nje ya mradi kwa makusudi, kwani hapakuwa na swali lililoihitaji.

Swali lililobaki lilikuwa kama spektra za wiki tatu za mwanzo zingeokolewa kwa kutoa ndani yake spektra ya kidonge D. Jibu ni hapana. Kiasi cha thaleti kilitofautiana kila suuza, kwa hiyo kizidishio cha kutolea kingechaguliwa kwa jicho. Na thaleti ina pete ya benzini, yenye C–H zake juu ya 3000 na bendi yake karibu na 743, ndani kabisa ya maeneo mawili ambayo uwiano wote ulitegemea. Vidonge vyote vilitengenezwa upya.